Deni ni Langu, Taarifa Nazo ni Zangu: Kumbukumbu Sahihi kwa Wanufaika wa Mikopo ya Elimu ya Juu

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wahitimu, maofisa utumishi, wanasheria na wanafunzi. Unachapishwa hapa ukiwa na marekebisho machache ya lugha.

  Waandaaji waliniachia nichague mada mwenyewe. Wangenichagulia, huenda ningepewa "umuhimu wa kurejesha mikopo kwa wakati", na nusu ya viti hivi vingekuwa vitupu.

Nia yangu jioni hii ni kuzungumzia jambo dogo lililomo ndani ya jambo kubwa. Jambo kubwa ni mikopo ya elimu ya juu, na kila mtu humu ndani ana maoni yake kuihusu. Jambo dogo ni kumbukumbu za mikopo hiyo: faili, karatasi na mistari ya kompyuta inayosema fulani alikopa kiasi gani, amerejesha kiasi gani na amebakiza kiasi gani. Dai langu ni kwamba anayetunza kumbukumbu ya deni ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha ni sahihi. Mdaiwa naye ana haki ya kuiona, kuipinga na kupata marekebisho, hata kama hajarejesha shilingi moja.

Sikuja kuwatetea wanaokwepa. Bajeti ya mikopo kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa shilingi bilioni 787, na sehemu ya fedha hizo hutokana na marejesho ya waliotangulia kusoma. Binti wa Kasulu au Namtumbo anayetarajia kwenda chuo mwakani anategemea makato ya mwalimu aliyehitimu zamani. Nisemacho ni kwamba mfuko wa namna hiyo hauwezi kukusanya vizuri ukitegemea kumbukumbu mbovu. Wenye nia ya kulipa huchoka kubishana, na wasio na nia hupata kisingizio.

Pale dukani kwa Mangi, deni la unga na mafuta ya taa huandikwa kwenye daftari la kaunta. Mkibishana, daftari hufunguliwa mbele yenu wote wawili, na kosa hurekebishwa hapo hapo. Deni la chuo halina kaunta ya namna hiyo. Lipo kwenye mifumo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kipande chake kipo kwa mwajiri anayekata mshahara, na kipande kingine kinaweza kuwa kwenye mfumo wa taarifa za wakopaji unaosimamiwa na Benki Kuu. Mfumo huo unaendeshwa kwa kanuni za mwaka 2012, na ndani yake kuna kampuni zilizopewa leseni ya kukusanya taarifa za wakopaji na kuwauzia ripoti wakopeshaji, yaani Creditinfo na Dun & Bradstreet. Bodi imewahi kutangaza kwamba wadaiwa sugu watapelekwa huko. Kwa hiyo mhitimu anaweza kwenda benki kuomba mkopo wa kiwanja, akaambiwa "samahani, taarifa zako haziko vizuri", akatoka bila kujua ni nani aliyeandika nini.

Baada ya utangulizi huo niingie kwenye hoja. Ziko tano, na naomba mnisamehe mapema kwamba hazilingani urefu.

1. Kudaiwa hakumvui mtu haki zake

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Ni sheria changa, na maofisa wengi walioko kwenye madawati ya huduma walijifunza kazi zao kabla haijakuwapo. Lakini mizizi yake ni ya zamani: Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi na familia yake.

Sheria inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa lengo linaloeleweka, azichukue zile tu zinazohusiana na lengo hilo, ahakikishe ni sahihi na zinakwenda na wakati, na asizitunze kupita muda unaohitajika. Mwenye taarifa amepewa haki ya kuuliza ni nini kinachoshikiliwa kumhusu, haki ya kuzuia uchakataji utakaomletea madhara, haki ya kutaka uamuzi mzito juu yake usifanywe na mashine peke yake, haki ya fidia, na haki ya kutaka taarifa potofu zirekebishwe au zifutwe. Nimeisoma sheria hiyo na kuirudia. Sijaona kifungu kinachosema haki hizi zimesimama mpaka deni liishe.

Na kumbukeni kwamba sheria yenyewe inahesabu miamala ya kifedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na taarifa za afya na alama za vidole. Ofisa utumishi anayebandika orodha ya makato kwenye ubao wa matangazo, ili kila mtu ajue nani anakatwa na kiasi gani, anadhani anaokoa muda. Mheshimiwa, ng'oa karatasi hiyo kesho asubuhi.

Ndugu zangu wa Zanzibar naona mmenyoosha mikono tayari. Ni kweli, Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, na sheria hii haihusu mambo yasiyo ya Muungano kwa upande wa Visiwani. Hilo ni pengo linalostahili mhadhara wake, na sitajifanya nimelimaliza kwa sentensi mbili.

2. Makosa yana chanzo, na mara nyingi chanzo si mdaiwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Chanzo cha kwanza ni historia. Mikopo tunayoizungumzia inahesabiwa tangu mwaka wa masomo 1994/95, lakini Bodi iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Katikati hapo kuna miaka kama kumi ambayo mikopo ilikuwa mikononi mwa wizara, katika zama za majalada ya karatasi. Bodi ilipoanza, ilirithi madeni ya watu ambao wengi wao walikwishahitimu na kutawanyika. Aliyesoma miaka ile na leo anaambiwa anadaiwa, ana haki kamili ya kuuliza: mnaweza kunionyesha nilisaini nini, lini, na kwa kiasi gani?

Chanzo cha pili ni utambulisho. Msingi wa kumtambua mnufaika ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ni chaguo lenye busara, maana kila mwombaji anayo na haibadiliki hata mtu akiolewa au akihama mkoa. Tatizo ni kwamba namba hiyo haina maana yoyote kazini. Mwajiri anakujua kwa jina, kwa namba ya NIDA, kwa namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na kama ni mtumishi wa umma, kwa cheki namba. Inabidi mtu au kompyuta ikae katikati na kusema: huyu wa kule ndiye huyu wa huku.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nimwite Neema. Alifanya mtihani wa kidato cha nne kama Neema Joseph Mwakyusa. Alipoolewa alichukua jina la mumewe, na kitambulisho chake cha taifa kikatoka na jina la Neema Joseph Mrema. Shule binafsi iliyomwajiri kwanza ilimwandika N. J. Mwakyusa, kampuni aliyohamia ikamwandika Neema Mrema. Kila mwezi anakatwa. Kila mwezi fedha inalipwa kwa control namba pamoja na orodha ya wafanyakazi. Jina kwenye orodha lisipooana na jina kwenye akaunti ya mkopo, fedha imeingia serikalini lakini haijamfikia mwenyewe. Deni lake linabaki pale pale, na yeye analala usingizi akijua analipa.

Watu wa Tanga, Lindi na Kilwa mnanielewa haraka zaidi. Mohamedi, Muhammad na Mohammed ni mtu mmoja kwa mama yake, ila kwa kompyuta ni watu watatu.

Chanzo cha tatu ndicho kinachonikera kuliko vyote. Sheria ya Bodi inamtaka mwajiri aitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na awasilishe makato hayo ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa mwezi. Kiwango cha makato kilikuwa asilimia 8 kabla ya mabadiliko ya mwaka 2016. Sasa turudi kwa Neema. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000. Makato ni shilingi 135,000 kwa mwezi. Mwajiri wake ana hali mbaya ya fedha. Anakata lakini hawasilishi, akijiambia atafidia mambo yakinyooka. Miezi 14 ikipita, shilingi 1,890,000 zimetoka kwenye mfuko wa Neema na hazijafika popote. Hati zake za mshahara zinasema amelipa. Kumbukumbu za Bodi zinasema hajalipa.

Nawauliza nyinyi mliokaa hapa: ni nani hapo mdaiwa sugu?

Jibu la kisheria halina utata mkubwa. Kukata na kuwasilisha ni wajibu wa mwajiri, na asipoutimiza anatenda kosa. Lakini kumbukumbu inayosema tu kwamba marejesho ya Neema hayajaingia haisemi hayo. Inaonyesha upungufu chini ya jina la Neema, na msomaji wa mwisho, labda ofisa mikopo wa benki, anaisoma kama tabia ya Neema. Ndiyo maana nasema usahihi wa kumbukumbu hautoshi kupimwa kwa tarakimu. Mfumo wowote unaotaka kuitwa sahihi unapaswa kuwa na nafasi ya kuandika kwamba makato yalifanyika na mwajiri ndiye aliyekwamisha. Ni safu moja tu ya ziada kwenye jedwali. Waliotengeneza mifumo mikubwa kuliko hiyo hawatashindwa.

Chanzo cha nne ni mabadiliko ya masharti. Wengi mnakumbuka Mei Mosi ya mwaka 2021 kule Mwanza, Rais alipotangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa mtu mwenye salio la shilingi milioni 8, tozo ile ilikuwa inaongeza shilingi 480,000 kwa mwaka mmoja. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini agizo kama hilo linapotolewa jukwaani, kuna fundi mahali fulani anayepaswa kugusa mamia ya maelfu ya akaunti. Na nakala zilizokwishatoka nje ya Bodi kabla ya siku hiyo, nani anazigusa? Mwenye taarifa ya deni ya kabla ya Julai 2021 aitafute, aiweke kando ya taarifa ya leo, aone kama hesabu inakubali.

3. Kumbukumbu inaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado ikawa na kosa la sheria

Kwa hoja hii naomba tuvuke mpaka twende kwa jirani. Kenya ina bodi yake, HELB, iliyoundwa mwaka 1995. Mkopo wa kawaida wa mwanafunzi kule una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kurejesha hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Pigeni hesabu: faini peke yake ni 60,000 kwa mwaka. Mhitimu aliyekosa kazi kwa miaka kadhaa hugundua kwamba faini imeuzidi mkopo wenyewe.

Wanufaika walikwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba bodi inafungwa na kanuni iliyomo kwenye sheria ya benki ya Kenya, inayozuia riba na tozo juu ya mkopo uliokwama zisizidi kiasi cha mkopo kilichobaki siku ulipokwama. Mwaka 2022 Mahakama ilikubaliana nao.

Kwa nini nalileta hili kwenye mhadhara wa taarifa binafsi? Kwa sababu mfumo wa kompyuta ulikuwa unajumlisha vizuri. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Salio lilikuwa kosa kwa sababu kanuni iliyolizalisha haikuwa halali, na salio hilo ndilo linaloweza kupelekwa kwa kampuni za taarifa za wakopaji na kumfuata mtu benki na kazini. Anayepinga kumbukumbu yake, kwa hiyo, asiishie kuuliza kama wamejumlisha sawasawa. Aulize pia kila mstari wa tozo umetoka kwenye kifungu kipi.

Kenya wametutangulia katika jambo jingine, na sioni haya kulisema. Katiba yao ya mwaka 2010, katika Ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kutaka taarifa potofu zinazomwathiri zirekebishwe au zifutwe. Wameiweka kwenye Katiba yenyewe. Sisi haki hiyo tunayo, lakini iko kwenye sheria ya kawaida ambayo Bunge linaweza kuibadilisha kikao chochote. Na Benki Kuu yao, mwaka 2020, ilipiga marufuku kupeleka kwenye kampuni za taarifa za wakopaji jina la mtu anayedaiwa chini ya shilingi 1,000 za Kenya. Walikuwa wamegundua kwamba watu wanakosa mikopo ya biashara kwa sababu ya madeni ya simu yasiyofika bei ya kuku wawili.

4. Kutangaza majina si njia ya kusahihisha kumbukumbu

Najua hapa baadhi yenu hatutakubaliana, na mwenyekiti amenihakikishia kwamba kutakuwa na muda wa kubishana.

Kwa miaka mingi imekuwa kawaida kuchapisha orodha za wadaiwa sugu. Mwaka 2024 Bodi ilianzisha kampeni ya kuwahimiza wananchi wafichue wanufaika wasiorejesha, kwa kauli ya kuwa hero wa madogo. Naelewa msukumo wake. Mtu aliyesomeshwa kwa fedha za umma, ana duka la jumla Kariakoo na gari mbili, halafu anajificha, anachukiza. Sheria inairuhusu Bodi kumtafuta, na mimi naiunga mkono.

Wasiwasi wangu ni kwa wengine waliomo kwenye orodha hiyo hiyo. Orodha inatolewa na mfumo ule ule wenye Neema wawili na Mohamedi watatu. Kama asilimia ndogo tu ya majina ni ya watu ambao waajiri wao ndio wasiowasilisha, watu hao wameaibishwa mbele ya wakwe zao, wanafunzi wao na waumini wenzao. Wakija kusafishwa, watasafishwa kwa barua iliyo ndani ya bahasha. Sijawahi kuona orodha ya gazetini ya watu waliotajwa kimakosa.

Tumeona jinsi mazoea haya yanavyoenea. Wakopeshaji wa simu, wale tunaowaita kausha damu, wamejifunza kwamba aibu inakusanya haraka kuliko mahakama. Wanawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa: mama, bosi, fundi cherehani. Novemba 2024 Benki Kuu yetu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu wengine kuwasumbua wakopaji wake. Taasisi ya umma haiwezi kumkemea mkopeshaji wa simu kwa jambo ambalo yenyewe inalifanya kwa ustaarabu kidogo tu zaidi.

Ninachopendekeza ni utaratibu. Kabla ya jina kutoka nje ya Bodi, kwenda gazetini au kwa kampuni ya taarifa za wakopaji, mhusika apewe notisi kwa simu na kwa maandishi, apewe muda wa kutosha wa kuleta hati zake za mshahara, na kama analipinga deni, jina lake lisitoke mpaka pingamizi lisikilizwe. Aliyepewa notisi akanyamaza, jina lake liendelee na safari yake.

5. Yaliyomo kwenye fomu yasibaki milele

Hoja hii ni fupi lakini haisemwi sana. Mwombaji wa mkopo haleti namba na jina tu. Analeta cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi analeta cheti cha kifo. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, analeta fomu ya daktari. Wa kaya masikini analeta namba ya TASAF. Na wote wanaleta mdhamini mwenye picha na kitambulisho. Yaani kijana wa miaka 19 anaweka mezani misiba na ufukara wa nyumbani kwao ili athibitishe uhitaji. Lengo linaeleweka, na bila ushahidi huo wajanja wangejaza nafasi zote.

Lakini lengo hilo linakwisha mara mkopo unapopangwa. Kudai deni miaka 12 baadaye hakuhitaji cheti cha kifo cha baba. Kunahitaji mkataba, kiasi na kumbukumbu za malipo. Na mdhamini? Kuna watu humu waliomdhamini mpwa wao na hawajui hadi leo vitambulisho vyao viko kwenye faili gani na nani anaviona. Wao pia ni wenye taarifa kwa mujibu wa sheria, na wanaweza kuuliza.

Hayo ndiyo matano. Sasa, kwa kuwa watu hawalipi nauli ya daladala kuja kusikia nadharia tupu, niseme la kufanya.

Omba taarifa ya deni lako kwa maandishi, hata kama umeambiwa unaweza kuiona kwenye simu. Maandishi yana tarehe, na tarehe ndiyo itakayokusaidia baadaye. Iweke sambamba na hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi, na utafute mwezi uliokatwa ambao hauonekani kwenye taarifa ya deni. Ukiupata, andika kwa mwajiri na nakala kwa Bodi, ukitaja mwezi na kiasi. Usiandike malalamiko ya jumla ya kwamba unaonewa. Ofisa hawezi kurekebisha uonevu wa jumla, anaweza kurekebisha Machi 2022. Ukinyimwa mkopo benki, uliza ripoti ilitoka kampuni gani, kisha omba ripoti yako kwa kampuni hiyo na kwa ile nyingine pia, kwa sababu kosa lililofutwa huku linaweza kuwa bado liko kule. Ukizungushwa, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inapokea malalamiko, inaweza kuamuru taarifa zirekebishwe au zifutwe, na inaweza kuagiza waliokwishapewa taarifa hizo wajulishwe.

Maofisa utumishi, nanyi nina ombi moja kwenu: kwenye orodha ya makato ya kila mwezi, andikeni majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, na namba ya mtihani pembeni. Itawachukua siku moja kuikusanya mara ya kwanza. Baada ya hapo, mnanakili tu.

Na wanasheria vijana, msisubiri kesi kubwa. Mei 2024 Mahakama Kuu ilikubali kwamba baadhi ya maneno kwenye vifungu vya 22 na 23 vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni mapana mno, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyarekebisha. Kwa hiyo milango ya mahakama iko wazi kwa hoja za namna hii. Kesi ya Neema halisi, yenye hati 14 za mshahara mkononi, ingetufundisha mengi kuliko mhadhara wangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa kuangalia tunakoelekea. Serikali imesema mara nyingi kwamba inataka mifumo yake isomane: NIDA isomane na Bodi, Bodi na mishahara ya watumishi, mishahara na mifuko ya jamii, na hatimaye mabenki. Nalipokea jambo hili kwa furaha, kwa sababu mifumo ikisomana Neema hatakuwa tena watu wawili. Lakini mifumo inayosomana husambaza kosa kwa kasi ile ile inayosambaza ukweli. Leo jina likikosewa Bodi, linaweza kuchukua mwaka kufika benki. Kesho litafika kabla ofisa hajamaliza chai. Ni lazima masahihisho nayo yasafiri kwa barabara hiyo hiyo: kila kumbukumbu ya deni ibebe orodha ya mahali ilikopelekwa, na ikirekebishwa nyumbani, irekebishwe huko kote bila mdaiwa kuzunguka ofisi kwa ofisi na bahasha ya kaki. Jambo hili liandikwe kwenye kanuni sasa, wakati mifumo inajengwa. Kuliongeza baada ya mifumo kukamilika kutagharimu zaidi, na tutaambiwa bajeti haitoshi.

Na dirisha la maombi litakapofunguliwa tena, ningependa fomu iwe na ukurasa mmoja zaidi, unaomweleza mwombaji taarifa zake zitakwenda wapi, zitakaa muda gani, na akiona kosa agonge mlango upi. Nimejaribu kuuandika kwa Kiswahili ambacho kijana wa kidato cha sita atakielewa bila wakili. Nakala ziko kwenye meza pale mlangoni. Zichukueni, mzikosoe, mniletee. Nami sasa niko tayari kwa maswali, tuanze na mzee aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Kenya.